Kunyoosha Mabamba ya Alumini Yaliyobonyea Katika Trela za Kale za Safari

Kijitabu hiki kimetungwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili waishio Marekani ambao, ama kwa kununua ama kwa kurithi, wamepata kumiliki mojawapo ya zile nyumba za safari zivutwazo nyuma ya gari, zenye mwili wa alumini isiyopakwa rangi, nao, kama wamiliki wengi kabla yao, wamekuta ubavuni alama za mvua ya mawe, au za tawi lililoanguka, au za nguzo ya lango iliyogongwa dereva alipokuwa akirudi kinyumenyume.

Mashuhuri kuliko zote ni Airstream, kazi ya Wally Byam, ambaye mwaka 1936 alitoa trela aliyoiita Clipper kwa kufuata mfano wa Hawley Bowlus, fundi wa ndege aliyekuwa ameunda trela ya mabamba ya alumini yaliyopigwa ribiti mwaka 1934. Afrika nayo ilizishuhudia, kwani katika miaka ya 1959 na 1960 Byam aliongoza msafara wa trela hizo kutoka Cape Town hadi Cairo, ukapita Kenya na Uhabeshi, na mwenye kuzijua barabara za zama zile atakubali kwamba vyombo hivyo havikuundwa kwa ajili ya kutazamwa tu.

Jambo linalompasa mwenye trela kulifahamu kabla hajashika nyundo ni kwamba maarifa ya fundi bodi wa magari hayatoshi hapa, na pengine yatamdhuru. Fundi bodi hunyoosha bati la chuma, akajaza puti palipobaki shimo, akapiga msasa, akapaka rangi, na rangi ikasitiri yote. Ilhali bamba lililo wazi halina sitara, na kila pigo lililopigwa kwa pupa hubaki likisomeka juani. Isitoshe, mabamba ya trela nyingi za miaka ya 1950 na 1960, ambayo unene wake aghalabu ni kama milimita 0.8, ni ya alumini iliyochanganywa na shaba ili ipate nguvu, kisha ikavikwa pande zote mbili utando wa alumini safi, kwa sababu shaba ileile iletayo nguvu huifanya alumini iwe nyepesi kuliwa na chumvi na unyevu. Utando huo ni takriban asilimia 5 tu ya unene wa bamba kila upande, nao ndio ukubalio kung'arishwa, hata yule aukwanguaye kwa msasa mkali apate usawa wa kidole anakuwa ameivua trela yake kinga ambayo hataweza kuirudisha.

Moto nao usitumike. Chuma kikipashwa hugeuka chekundu na kumwonya fundi kabla hakijayeyuka, bali alumini haitoi dalili hiyo: hubaki nyeupe mpaka inapolegea ghafla na kutoboka, na hata kabla ya kufikia hapo nguvu iliyotiwa kiwandani huwa imekwisha kupotea.

Kwa hiyo kazi huanzia ndani. Ukatishe umeme kwanza, kwa kuwa nyaya hupita baina ya ukuta wa ndani na wa nje. Kisha utoboe kwa keekee vichwa vya ribiti za ukuta wa ndani tu, ulitoe kila bamba, uandike namba nyuma yake. Utakuta pamba ya kioo, na mara nyingi viota vya panya. Kinyesi cha panya wa porini wa Marekani chaweza kubeba virusi vya hanta, maradhi ya mapafu yenye kuua, basi kisifagiliwe kikavu asilani. Kiloweshwe kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini, kisha kizolewe kwa vitambaa, nawe umevaa glovu na barakoa madhubuti.

Pale ukuta wa nje unapokuwa wazi kwa nyuma, ungoje jioni, uweke taa karibu na bamba ili mwanga upite ubavuubavu, na mipaka ya mbonyeo itajionyesha kwa kivuli chake. Ichore kwa kalamu ya wino, wala si ya risasi, maana unga wa risasi ukipata unyevu huanza kuila alumini. Mwenzako na ashikilie kwa nje mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, nawe upige kwa ndani kwa nyundo ya mbao au ya nailoni, mapigo mepesi yaliyokaribiana, ukianzia ukingoni, ambako bati lilikunjika, na kuzunguka polepole kuelekea katikati. Mwanagenzi hutamani kuanza na kitovu, kwa kuwa ndicho kilichoingia sana. Akifanya hivyo bati hutanuka, na bati lililotanuka halina mahali pa kwenda: litabaki likipwaya, likisukumwa huingia, likiachwa hutoka kwa mlio, na hakuna tiba nyepesi ya ugonjwa huo.

Ndiyo maana shauri letu, ijapokuwa wengine watalipinga, ni kuviacha vibonyeo vidogovidogo vya mvua ya mawe kama vilivyo. Ncha za mbele na nyuma, ambako bamba limepinda kwa pande mbili kwa pamoja, ziachwe kwa fundi wa mabati ya ndege. Na bamba lililopasuka au kukunjika kwa mkunjo mkali lisipigwe tena, bali libadilishwe au litiwe kiraka cha madini yaleyale, kwa ribiti ngumu za alumini, mmoja akiwa nje na nyundo ya upepo na mwingine ndani akikinga mkia wa ribiti kwa kipande cha chuma kizito. Skrubu za chuma cha kawaida, na nyuzi za chuma za kusugulia, zisikaribie hata kidogo: chembe zake zikisalia juu ya alumini hulitia bamba madoa ya kuoza.

Mwisho ni kalafati. Kila mshono ulioguswa na kila ribiti mpya izibwe kwa ndani, kama wafanyavyo mafundi wa majahazi kwa pamba na mafuta, ila hapa dawa ni gundi ya poliyurethani. Silikoni isitumike, kwani ikiachia haikubali kitu kingine kushika juu yake. Gundi ikikauka, mtu mmoja amwage maji kwa mpira kuanzia chini kupanda juu, taratibu, mshono kwa mshono, na mwingine akae ndani na taa akitazama, wala ukuta wa ndani usifungwe mpaka hapo.