Fahamu Zilipo Nyaraka Zako Kabla ya Kumkabidhi Fundi Kompyuta

Kompyuta zinazotumia Linux hufuata mpangilio wa Unix, mfumo ulioanza kubuniwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani. Katika mpangilio huo, saraka zote huchipuka kutoka mzizi mmoja, unaoandikwa kwa alama ya mkwaju pekee: /. Hata flashi unayoichomeka huunganishwa kwenye mti huohuo. Haipewi herufi yake kama ilivyo katika Windows.

Mtumiaji hana haja ya kukariri saraka zote. Azingatie tatu. Saraka ya /home hubeba mali yake: kila mtumiaji ana sehemu yake humo, yenye picha, barua na hesabu. Saraka ya /etc huhifadhi mipangilio ya mfumo. Saraka ya /tmp ni ya muda tu. Mifumo mingi huisafisha kompyuta inapowashwa upya. Usiweke humo stakabadhi utakayoihitaji kesho.

Kabla ya kumkabidhi fundi kompyuta, nakili sehemu yako yote ya /home kwenye diski ya nje. Majina yanayoanza kwa nukta hufichwa, na huenda ndimo kivinjari kilimohifadhi nywila zako. Hakikisha nayo yamenakiliwa. Kisha fungua nakala uone kama inasomeka. Nakala iliyobaki ndani ya diski ileile si kinga: fundi akiifuta ili aweke mfumo upya, vyote hupotea pamoja.