Kusubiri kwa kikomo kwenye seva nakala: maswali na majibu

Mifumo mingi huandika kwenye seva kuu ya hifadhidata na kusoma kwenye seva nakala, ili kupunguza mzigo. Nakala hufuata nyuma, mara nyingi kwa milisekunde, siku nyingine kwa dakika nzima. Majibu haya yanaegemea PostgreSQL, kwa sababu imehangaika na jambo hili hadharani na kwa uangalifu mkubwa.

Kwa nini msomaji alazimike kusubiri?

Mwanachama wa Saccos ameweka shilingi 50,000 kwa simu. Seva kuu imethibitisha muamala. Papo hapo anafungua taarifa yake, na ombi linakwenda kwenye nakala ambayo muamala huo haujaifikia. Anaona salio la zamani, anaingiwa na hofu, anatuma tena. Data yote ipo, ila nakala imechelewa. Kwa mwenye fedha maelezo hayo hayasaidii kitu, nami namuunga mkono: aliyeandika ana haki ya kukisoma alichokiandika.

Si rahisi zaidi seva kuu ndiyo isubiri nakala?

Inawezekana. Tangu toleo la 9.6, mwaka 2016, ukiweka `synchronous_commit` kuwa `remote_apply`, seva kuu haithibitishi muamala mpaka nakala iliyoteuliwa iwe imeutekeleza. Lakini hapo kila mwandishi anacheleweshwa, hata ambaye hatasoma chochote, na nakala hiyo ikizimika bila ya kuwapo nyingine, uandishi wote unakwama. Ni haki zaidi asubiri yule anayehitaji kusoma.

Atajuaje asubiri hadi wapi?

Kila badiliko huandikwa kwanza kwenye logi, na kila mahali kwenye logi pana namba ya biti 64, LSN, inayopanda tu. Baada ya kuthibitisha muamala, programu inaiuliza seva kuu `pg_current_wal_lsn()`, inaitunza namba hiyo, kisha inaiambia nakala: usinijibu mpaka ufike hapa. Kufika kuna maana ya kutekeleza. Logi iliyopokelewa na kulala kwenye diski bado haionekani kwa msomaji.

Kitanzi kinachouliza kila milisekunde 10 hakitoshi?

Kwa wasubiri wachache kinatosha. Wakiwa 500, hizo ni hoja 50,000 kwa sekunde za kuuliza tu kama tumefika. Afadhali kila msubiri aandike namba yake kwenye kumbukumbu ya pamoja, ndogo kuliko zote ikae juu. Mchakato unaotekeleza logi hutazama ile ya juu tu, na kuwaamsha waliofikiwa.

Mpangilio wa hatua ni muhimu sana: jiandikishe, kagua tena, ndipo ulale. Ukikagua kabla ya kujiandikisha, nakala inaweza kuipita namba yako katikati ya hatua hizo mbili, na hutaamshwa kwa wakati. Vilevile, hesabu muda uliobaki kutoka saa ya mwisho uliyoiweka mwanzoni. Mchakato unaweza kuamshwa kwa sababu nyingine, na ukianza kuhesabu upya kila mara, kikomo cha sekunde moja kinaweza kisifike kamwe.

Basi naiandika kama fanksheni, naiita kwa SELECT, kazi imekwisha?

Hapana, na hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Kila SELECT hushika picha ya data, yaani makubaliano ya safu zipi inaziona. Kwenye seva kuu, usafishaji huondoa safu zilizokufa, na uondoaji huo husafiri kwa logi hadi kwenye nakala. Ikiwa huko kuna picha ambayo huenda bado inazihitaji safu hizo, utekelezaji wa logi husimama kuipisha, kwa kawaida hadi sekunde 30, kisha hoja hufutwa. Sasa tazama fanksheni yetu: imeshika picha, inasubiri logi itekelezwe, na utekelezaji unasubiri picha iachiliwe. Kila mmoja anamngoja mwenzake, na kinachovunja mkwamo ni kikomo cha muda tu.

Ndiyo maana jaribio la PostgreSQL, `pg_wal_replay_wait`, lilikuwa prosija ya kuitwa kwa CALL, ili iweze kuachilia picha kabla ya kulala. Liliingizwa kwenye msimbo Aprili 2024, likaondolewa mwezi huohuo. Likarudi Agosti, likaondolewa tena Novemba. Mwaka 2025 ikaingizwa amri inayojitegemea, `WAIT FOR LSN`, ambayo hukataa kufanya kazi ndani ya fanksheni au ndani ya muamala wa REPEATABLE READ, yaani unaoshika picha ileile hadi mwisho. Nawaheshimu sana waliokubali kuondoa kazi yao mara mbili. Hifadhidata inayotunza fedha za watu inahitaji subira ya namna hiyo.

Muda ukiisha, irudishe nini?

Kwenye MySQL, `MASTER_POS_WAIT` hurudisha -1 muda ukiisha, na `WAIT_FOR_EXECUTED_GTID_SET` hurudisha 1. Programu ikichanganya hizo mbili, itamwonyesha mtu salio la zamani na kuliita jipya. Mimi nataka majibu matatu yenye majina: imefika, muda umeisha, seva hii si nakala tena.

La tatu husahaulika. Nakala ikipandishwa kuwa seva kuu watu wakiwa wanasubiri, waamshwe mara moja. Aliyekuwa ameshafikiwa aambiwe hivyo, wengine wapewe kosa. Baada ya hapo logi inafuata mkondo mpya, na kuona namba kubwa kuliko yako hakuthibitishi kwamba muamala wako umo.

Kikomo kiwe kirefu kiasi gani?

Anza na subira ya mtumiaji. Kwa ukurasa wa salio ningeweka milisekunde 300, kisha ombi liende seva kuu. Ila nakala ikiwa nyuma kwa dakika kadhaa, kila ombi litakalia muunganisho kwa muda huo wote na bado litaiangukia seva kuu pamoja na mengine. Pima uchelewaji wa nakala, na ukivuka kiwango chako, acha kuipelekea wasubiri mpaka iifikie seva kuu.