MASHUDU YA PAMBA KWA MAKSAI NA PUNDA WAKATI WA KIANGAZI

Mkulima wa Kharumwa ajua vema ya kuwa mvua za kwanza hazimngojei mtu. Pamba yapasa kupandwa tangu katikati ya Novemba hata katikati ya Desemba, na mahindi nayo hutaka ardhi iliyolimwa mapema. Lakini majira hayo hayo ndiyo maksai wanapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote wa mwaka, maana wametoka katika miezi mirefu ya ukame. Jozi ya maksai waliokonda hulima mifuo michache kisha hulala chini, na mwenye nao humpiga fimbo mnyama ambaye kosa si lake. Shamba huchelewa, na mbegu huingia ardhini wakati wake umekwisha kupita. Karatasi hii yaeleza namna ya kuchagua chakula cha kuwaongezea wanyama wa kazi kwa fedha kidogo, ili mvua iwakute wana nguvu.

Wafugaji wa farasi katika Ulaya husifu sana mbegu za kitani na mashudu yake, yaani makapi yabakiayo baada ya kukamua mafuta. Ni chakula chema, lakini si chakula cha kwetu. Kitani hupenda nchi za juu zenye baridi, kama Ethiopia, na kukileta mpaka Kharumwa kungekuwa ni kulipa nauli kuliko chakula. Tena mbegu mbichi za kitani zina sumu ile ile iliyomo katika muhogo mchungu, ambayo wanawake wa Usukuma huiondoa kwa kuvundika udaga. Ndiyo sababu wazee wa Ulaya walizichemsha kabla ya kumpa farasi. Farasi mwenyewe ni haba katika nchi yetu kwa ajili ya mbung'o na maradhi mengine. Kazi ya farasi hufanywa na maksai na punda, na mahali pa kitani pamo pamba, ambayo wakulima wa Shinyanga na Geita wameilima kwa miaka mingi.

Yafaa kufahamu kwanza kwa nini nyasi kavu hazitoshi. Katika tumbo kubwa la ng'ombe wamo vijidudu wengi mno wasioonekana kwa macho, nao ndio wanaomeng'enya nyasi kwa ajili yake. Vijidudu hao huhitaji chakula cha kujenga mwili, ndicho kiitwacho protini. Nyasi zikiwa na protini pungufu ya sehemu 7 katika 100, kazi yao hulegea, nyasi hukaa tumboni siku nyingi, na ng'ombe hupoteza hamu ya kula hata akisimama katikati ya majani. Basi ukimpa mashudu kidogo, hukumpa tu chakula hicho. Umemwezesha kula na kumeng'enya nyasi zilizo bure. Kwa sababu hiyo mashudu bila nyasi ni fedha iliyotupwa. Aliye na ngitili, ile sehemu ya malisho iliyofungwa tangu mvua kulingana na desturi ya Wasukuma, na ambayo mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliifufua katika nchi ya Shinyanga, huyo atanunua mashudu machache kuliko jirani yake asiye na kitu ila udongo mtupu.

Sasa tuje kwenye kununua. Wengi huuliza bei ya gunia, kisha huchukua gunia lililo rahisi. Hivyo sivyo. Uliza gunia lina protini kiasi gani. Mashudu ya pamba yaliyokamuliwa pamoja na maganda huwa na sehemu 20 na zaidi katika 100. Yaliyotolewa maganda hufika karibu na 40. Mashudu ya alizeti hubadilika sana kwa kadiri ya maganda yaliyomo. Pumba za mahindi zina kama 10. Pumba za mpunga zilizo safi hupita hapo kidogo, lakini zile za mashine ndogo, zilizochanganyika na makapi, huwa chini yake.

Tufanye hesabu ya mfano. Gunia la kilo 50 la mashudu ya pamba yenye sehemu 20 lina kilo 10 za protini. Likiuzwa shilingi 40,000, kila kilo ya protini imekugharimu shilingi 4,000. Gunia la uzito huo huo la pumba za mpunga zenye makapi, tuseme sehemu 8 katika 100, lina kilo 4 tu. Likiuzwa shilingi 20,000, kila kilo imekugharimu shilingi 5,000. Gunia la nusu bei ndilo lililo ghali. Weka bei za soko lako mahali pa hizi, nawe fanya hesabu hiyo kabla ya kufungua mfuko wa fedha.

Usinunue kwa macho tu. Chota konzi moja ya pumba uitie katika bakuli la maji: makapi mengi yataelea, na mchanga, ukiwamo, utazama chini. Sugua pumba mkononi. Zikichoma kama miiba, hayo ni makapi. Zikinuka mafuta yaliyochacha, ziache, maana pumba za mpunga huharibika upesi. Mashudu yaliyoota ukungu usiyachukue hata ukipewa bure. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga yaliyokuwa na sumu ya ukungu, nayo sumu hiyo haiondoki kwa kuanika juani. Wala usichukulie chakula cha mnyama katika mifuko iliyobeba dawa za shamba, au kemikali za kuchenjulia dhahabu, ijapokuwa mifuko hiyo ni imara na huuzwa rahisi karibu na machimbo.

Anza kuwalisha maksai wiki nane kabla ya mvua, yaani mwezi wa Septemba. Siku za kwanza mpe kila mmoja robo kilo, uongeze kidogo kidogo hata ifike kilo moja kwa siku baada ya wiki moja au zaidi. Jozi moja kwa siku 60 haitazidi kilo 120, ndiyo magunia mawili na kilo 20. Siku za kulima waweza kuongeza nusu kilo kwa kila mmoja. Walishe jioni watokapo machungani, kila mmoja na chombo chake, maana mwenye pembe kubwa hula sehemu ya mwenzake. Chumvi na maji safi yawepo daima. Ikiwa fedha haitoshi kwa kundi zima, usigawe kwa wote kidogo kidogo. Wape maksai wa plau peke yao.

Mashudu ya pamba yana sumu yake pia, iitwayo gosipoli. Tumbo la ng'ombe mkubwa huishinda ikiwa ni kiasi, lakini ndama wa chini ya miezi minne hawana nguvu hiyo, nayo hudhuru uzazi wa fahali wa mbegu. Nguruwe wasipewe, wala kuku wa mayai.

Punda yapasa kuangaliwa mbali, kwa sababu hana tumbo kama la ng'ombe. Huyu ndiye achotaye maji na kukokota mkokoteni, naye mara nyingi hulala bila kupewa kitu kwa kuwa watu husema punda hujitafutia. Mpe mashudu ya alizeti, robo kilo hata nusu kilo kwa siku za kazi, pamoja na majani makavu ya karanga au mashina ya viazi vitamu, ambayo huozea mashambani pasipo faida. Mashudu ya pamba yasizidi robo kilo kwa punda mkubwa, na mtoto wa punda asipewe kabisa. Mbolea ya urea, ambayo wengine huichanganya katika chakula cha ng'ombe, isitiwe kamwe katika chakula cha punda. Wala asinyweshwe katika madimbwi ya kuoshea dhahabu, kwa ajili ya zebaki iliyomo.

Mashudu hununuliwa kwa bei nafuu wakati viwanda vinapokamua mbegu baada ya mavuno, si Oktoba, wakati kila mtu ameona mbavu za ng'ombe wake. Majirani watatu au wanne wakichanga fedha, waweza kukodi gari moja na kugawana nauli. Magunia yawekwe juu ya miti, yasiguse sakafu wala ukuta, chini ya paa lisilovuja, na lililofunguliwa kwanza limalizwe kwanza.