Mpira Unachosha? Mambo Saba Niliyojifunza Nikiuza Soda Kibanda Umiza

Nina daftari la mauzo. Upande wa kushoto naandika mechi, upande wa kulia naandika soda, chai na karanga zilizotoka. Kibanda hiki hapa mtaani kwetu alikianzisha marehemu mume wangu: mabenchi ya mbao, bati juu, turubai pembeni, televisheni moja na king'amuzi. Alipofariki aliniachia watoto, king'amuzi na mpira. Watoto nilikuwa nawajua.

Mpira nilikuwa nauona unachosha kuliko kupalilia pamba. Dakika tisini, bao moja, pengine hata hilo moja hakuna! Ungeinjika maharage dakika tisini ukapakua punje moja iliyoiva, wageni wangekufikiriaje? Nikamwambia shemeji yangu nataka kukifunga kibanda, nifungue genge la nyanya na dagaa. Akanijibu, "Shemeji, maliza msimu mmoja kwanza." Msimu ukaisha, ukaja mwingine, na genge sijalifungua hadi leo. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Mabao mengi hayauzi soda

Nilianza na hesabu ya mfanyabiashara: mabao yakiwa mengi watu watafurahi, wakifurahi watanunua. Hesabu hiyo ilivunjika Novemba 5, 2023, Yanga walipoifunga Simba 5-1.

Hadi mapumziko ilikuwa 1-1, na soda za baridi ziliniishia. Watu walikuwa wamebanana hadi mlangoni, wengine wanachungulia kwenye matundu ya turubai. Kipindi cha pili Yanga wakaongeza la pili, la tatu, la nne, la tano. Kuanzia la tatu, benchi la jezi nyekundu likaanza kupungua mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka ana mgonjwa nyumbani. Wa Yanga walikuwa wanarukaruka, na anayeruka hashiki chupa. Mzee mmoja wa Simba alibaki peke yake akijifariji na historia ya Simba kuifunga Yanga: 6-0 ya mwaka 1977, 5-0 ya mwaka 2012. Hakununua hata karanga.

Mabao sita yalifungwa, na nusu ya ukumbi ilichoka kabla ya filimbi. Kumbe kilichokuwa kinauza soda ni ile 1-1, wakati hakuna aliyejua nani atacheka.

2. Suluhu mbili hazifanani

Septemba 7, 2023, Taifa Stars walikuwa Annaba, ugenini kwa Algeria, wakitafuta pointi moja tu ya kwenda AFCON. Mechi iliisha 0-0. Mgeni asiyejua kitu angeitazama ile mechi akasinzia: tunaokoa, tunabutua, tunaokoa tena, tunakaba hadi basi.

Ukilifungua daftari langu usiku huo, kipindi cha pili utakuta chai mbili. Nilipoanza kazi hii ningesema watu walichoshwa. Lakini nilikuwepo. Hakuna aliyenunua kwa sababu hakuna aliyetaka kuinuka. Kijana mmoja alishika glasi ya chai hadi ikapoa, hakuinywa wala hakuiweka chini. Kila kona ya Algeria ilipopigwa, wanaume wazima walikuwa wanafumba macho. Filimbi ya mwisho ilipolia, walitoka nje wakikumbatiana na watu wasiowajua, kwa ajili ya mechi ambayo haikuwa na bao hata moja.

Januari 24, 2024, kwenye AFCON yenyewe, tukacheza na DR Congo pale Korhogo, Ivory Coast. Suluhu tena, 0-0. Safari hii tulihitaji ushindi ili tusonge mbele, na siku tatu kabla Zambia walikuwa wametusawazishia dakika za mwisho wakiwa pungufu. Ukumbi ulikuwa uleule na matokeo yaleyale, lakini watu waliondoka kama wanaotoka kwenye matanga.

Tangu hapo mtu akiniambia mechi fulani ilikuwa mbaya kwa sababu iliisha 0-0, namuuliza kwanza: nani alikuwa anaitaka hiyo suluhu, na nani alikuwa anaikimbia?

3. Kwenye ngoma, anayechosha ameshindwa. Kwenye mpira anaweza kubeba kombe

Sisi Wasukuma mashindano tunayajua tangu zamani. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu hucheza ngoma kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila kundi upande wake. Hakuna refa mwenye filimbi: kundi litakalovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Ndiyo maana wachezaji hutafuta mbinu mpya kila mwaka, wengine hutafuta na dawa ya kuvutia watu. Ukichosha, watu wanakugeuzia mgongo mbele ya macho yako na habari yako imekwisha.

Mpira hauko hivyo. Timu inaweza kufunga bao moja dakika ya tano, ikapaki basi dakika themanini na tano, ikaondoka na pointi tatu huku sisi tunapiga miayo. Mtazamaji hana kura. Hapa ndipo ninapokubaliana na wanaosema mpira unachosha, maana hata wenye mpira wao waliliona hilo. Kombe la Dunia la mwaka 1990 kule Italia lilitoa wastani wa mabao 2.21 kwa mechi, mdogo kuliko makombe yote. Mabeki walikuwa wanamrudishia kipa mpira, kipa anaudaka, anautupa, anarudishiwa tena, saa inakwenda. Mwaka 1992 ikapitishwa sheria kwamba kipa asidake mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Na kuanzia Kombe la Dunia la mwaka 1994 ushindi ukawa na pointi tatu badala ya mbili, ili sare isiwe tamu sana.

Kwa hiyo usimtukane anayelalamika. Kulalamika kwa watu kama yeye ndiko kulikomnyang'anya kipa mpira mikononi.

4. Ukifuata mpira tu, utachoka

Aliyenifumbua macho ni kijana anayecheza beki kwenye timu ya mtaani. Aliniona nasinzia kwenye kaunta. "Mayu, sogeza hiyo birika." Akapanga vizibo vinne vya soda kwenye mstari. "Hawa mabeki." Akaweka cha tano, cha Fanta, mbele yao. "Huyu straika wao." Kisha akaanza kusogeza vile vinne kwa pamoja, taratibu, kuelekea katikati ya kaunta, hadi kile cha Fanta kikabaki nyuma yao peke yake.

"Sasa ameotea. Hajaguswa na mtu, lakini ameshakufa." Akavirudisha kama mwanzo, akavisogeza tena, safari hii akakiacha kimoja nyuma kidogo, upana wa kidole. "Huyu amechelewa kupanda. Basi tumekufa sisi."

Usiku ule sikuutazama mpira. Nilimtazama beki mmoja wa kushoto mechi nzima: anavyonyoosha mkono kuwapanga wenzake, anavyogeuza shingo kila baada ya sekunde chache kumtafuta winga wake. Mpira ulimfikia mara chache, lakini kazi yake haikusimama hata dakika moja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kushangaa dakika tisini zimeisha.

5. Umeme ukikatika, masikio yanaona

Siku moja umeme ulikatika zikiwa zimebaki dakika kumi na tano, timu ziko sare. Nilidhani watanidai hela zao. Badala yake mtu akafungua redio kwenye simu, akaiweka ndani ya sufuria tupu ili sauti iongezeke, wakainama wote kuizunguka kama wanaota moto.

Nikamkumbuka baba. Mwaka 1993 Simba walifika fainali ya Kombe la CAF, na mechi ya marudiano ilichezwa Dar es Salaam dhidi ya Stella Abidjan. Baba alikuwa ameanika betri juani tangu asubuhi. Kutoka kwetu Bariadi hadi Dar es Salaam ni mbali, lakini redio ilipotangaza 0-2, baba aliizima taratibu, akaenda kukaa zizini na ng'ombe hadi giza likaingia.

Redioni hakuna mechi inayochosha, kwa sababu mtangazaji hawezi kunyamaza. Mpira ukilala, yeye anauamsha. Televisheni inakuachia kazi hiyo mwenyewe, na asiyejua kuifanya ndiye anayeanza kuchezea simu.

6. Mkeka hauondoi uchovu

Vijana wananiambia dawa ya mechi mbovu ni kuweka mkeka wa kubeti. Nimewatazama sana. Mwenye mkeka wa mechi nane haangalii hata moja: jicho liko kwenye simu, anafuatilia timu za nchi asizoweza kuzionyesha kwenye ramani. Bao likifungwa mbele yake anauliza, "Kafunga nani?"

Ni kweli anakuwa na cha kupoteza, ila ni hela yake tu. Mkeka ukichanika saa tatu usiku, anaondoka mechi ikiwa bado inaendelea. Mwenye timu hawezi kuondoka namna hiyo, kwa sababu kesho asubuhi sokoni watani wanamsubiri.

7. Mechi iliyonimaliza haikuwa kwenye televisheni

Jumapili moja kijana wangu mdogo alipangwa kwa mara ya kwanza kwenye timu ya mtaa. Uwanja una vumbi, magoli ya miti, mstari wa katikati umechorwa kwa majivu. Nilibeba kreti mbili za soda na ndoo ya barafu, kwa sababu penye watu pana biashara.

Mpira wenyewe ulikuwa mbovu, nasema kweli. Walibutua, wakagombana na refa, ng'ombe wakakatiza uwanjani mara mbili. Ikaisha 0-0. Kijana wangu aligusa mpira labda mara sita, na mara ya pili alipigwa tobo watu wakacheka. Mimi nilikuwa pembeni ya mstari, kanga imefungwa kiunoni, nampigia kelele apande na wenzake asije akamwacha mtu bila kuotea.

Barafu iliyeyuka yote. Usiku nilipofungua daftari, kushoto niliandika jina la mechi, na kulia hapakuwa na cha kuandika. Kreti mbili nilirudi nazo zimejaa.