USAFI NA AFYA: Ua wa zamani uliogeuka kichaka, tuusafishe vipi bila madhara?

 

Ndugu msomaji, Waislamu tumezoea kuanza somo la tohara kwa mwili, kisha nguo, kisha mahali. Hapo kwenye mahali wengi wetu huishia kwenye mkeka na uwanja wa mbele. Uwanja hufagiwa kila asubuhi, lakini hatua ishirini kutoka hapo upo ua uliopandwa na babu, haujaguswa miaka kumi. Minyaa imekuwa miti, upupu umetambaa juu yake, seng'enge imezama ndani ya magome na nguzo zimeliwa na mchwa. Hali hii utaikuta kwenye mashamba ya kahawa ya milimani Mbinga, na utaikuta ukiteremka hadi Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, kwenye viwanja vya mihogo kando ya Ziwa Nyasa, ambako nyavu kuukuu nazo hufungwa kwenye ua na kusahaulika humo.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa imani ina matawi mengi, na kwamba kuondoa chenye kuudhi njiani ni mojawapo, kama ilivyopokewa na Muslim. Kusafisha ua wa namna hii kunaingia katika mlango huo. Lakini yupo anayeanza kazi hii ya kheri kwa haraka, na panga moja na ndala miguuni, akamaliza siku akiwa kitandani hospitalini. Somo letu la leo ni hili: hatari ya ua wa zamani imo katika yale usiyoyaona ndani yake. Kwa hiyo usafishwe kidogo kidogo, kwa kuona, wala usisafishwe kwa kubahatisha au kwa moto.

Kwanza: maliza suala la mpaka

Ua wa zamani mara nyingi ndio alama pekee ya mpaka iliyobaki. Waliopanda wametangulia mbele ya haki, na watoto wao hawakuwahi kuonyeshwa. Ukiufyeka wote kwa siku moja, kesho jirani atasema umesogea, nawe utasema yeye ndiye aliyesogea. Ugomvi wa mpaka umeharibu undugu wa watu wengi na wengine umewamwagia damu.

Dini yetu haikulichukulia jambo hili kwa wepesi. Tumeonywa kuwa mwenye kudhulumu ardhi ya mwenziwe, hata kiasi cha shubiri moja, atavishwa shingoni siku ya Kiyama ardhi saba. Na katika Sahihi Muslim imo laana kwa mwenye kubadili alama za ardhi. Kwa hiyo kabla ya kunoa panga, mwite jirani na wazee wawili watatu wanaoijua historia ya eneo. Tembeeni mstari mzima, wekeni mambo au mawe mahali mnapokubaliana, na yale mashina makubwa ya kwenye kona msiyang'oe. Mkishindwa kuelewana, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kisheria kazi yake ni kusuluhisha. Jirani aliyeshirikishwa huja na panga lake, na kazi hupungua nusu.

Pili: chagua wakati

Mkoani Ruvuma mvua huanza kwenye mwezi Novemba na kumalizika Aprili. Wakati wa masika majani huwa marefu, ardhi inateleza na huoni unakokanyaga. Ukingoja hadi Septemba na Oktoba, kila kitu kimekauka, upupu umeshapasuka na cheche moja inatosha kuunguza mlima. Wakati mzuri ni mwisho wa mvua, majani yakiwa bado mabichi na upupu haujakauka.

Anza jua likiwa limeshachomoza vizuri, na uache kabla ya magharibi. Tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kuwazuia watoto wasizurure nje giza linapoingia. Kichaka kilichovurugwa mchana ndicho cha mwisho kuwaacha wakichezea jioni, kwa sababu wadudu na nyoka waliofukuzwa humo wanatafuta mahali pengine pa kujificha.

Wenyeji wa milimani wanajua baridi ya Juni na Julai. Wapo wanaodhani kwamba wakati wa baridi nyoka hawapo. Wapo, ila wametulia chini ya magogo na mawe, na nyoka aliyepigwa na baridi hachangamki kukimbia unapomkaribia.

Tatu: vaa na jiandae

Vaa mabuti ya mpira, suruali nzito, shati la mikono mirefu, glavu ngumu na miwani ya kukinga macho. Dada na mama zetu wavae suruali nzito chini ya vazi lao la stara, na vazi lenyewe lisiburuze kwenye miiba. Kabla ya kuvaa mabuti asubuhi, yageuze na kuyakung'uta. Katika Bukhari na Muslim tumefundishwa kukung'uta kitanda kabla ya kulala, kwa kuwa mtu hajui nini kimeingia baada yake. Buti lililolala nje nalo ni hivyo hivyo.

Andaa ndoo mbili za maji safi, sabuni, kitambaa kirefu kisafi na simu yenye chaji. Usifanye kazi hii peke yako.

Nne: namna ya kufanya

Anza na fimbo ndefu. Piga majani, piga ardhi, subiri. Nyoka wengi watasikia mtikisiko na kuondoka. Kifutu, ambaye wengine humwita moma, tabia yake ni tofauti: yeye hutegemea rangi yake imfiche na hubaki palepale hadi akanyagwe. Kwa hiyo fimbo haitoshi, macho nayo yatumike.

Fyeka kutoka nje kuelekea ndani, kipande cha hatua nne au tano kwa wakati mmoja. Majani marefu yakatwe kwanza kimo cha goti, yaondolewe kwa reki au uma, ndipo ukate chini. Usiingize mkono usipopaona. Gogo au jiwe livute kuelekea kwako, ili likiinuka liwe kinga kati yako na kilichopo upande wa pili. Ukikuta mzinga wa nyuki au kiota cha nyigu, acha kipande hicho na umwite mwenye ujuzi wa nyuki.

Seng'enge iliyovutwa ikikatwa hurudi kwa nguvu kama upinde. Kata karibu na nguzo, ukiwa umesimama pembeni na si mbele ya waya, kisha izungushe na kuifunga. Usiache vipande kwenye majani, kwani mbuzi na watoto ndio watakaovikuta.

Minyaa ina utomvu mweupe ambao ukiingia jichoni huleta maumivu makali na unaweza kujeruhi kioo cha jicho. Ikate chini ya kimo cha uso wako na usijifute jasho kwa mkono wenye utomvu. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda kituo cha afya. Usitie maziwa ya mama wala majani ya aina yoyote.

Mbono kaburi nao hupandwa sana kwenye ua. Mbegu zake ni tamu mdomoni kama karanga, nazo ni sumu. Watoto wakizila hutapika na kuharisha sana. Zikusanye na kuzifukia siku hiyo hiyo, na mtoto aliyezila apelekwe kituo cha afya.

Upupu ukikugusa, usijikune wala kusugua. Vua nguo, jimwagie maji mengi, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Jioni kila mmoja ajikague kwapani, kiunoni na nyuma ya magoti kama amepandwa na kupe.

Tano: moto si njia ya mkato

Wengi husema, "Tia kiberiti, yaishe." Moto huacha seng'enge na mashina palepale, huwafukuza nyoka kuelekea nyumbani kwako au kwa jirani, na moshi wa minyaa huwasha macho na kifua. Ukivuka mpaka ukaunguza kahawa ya mtu, deni ni lako duniani na Akhera. Aidha, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti ya kuchoma moto mimea, na vijiji vingi vina sheria ndogo zake.

Majani safi yana matumizi bora. Wamatengo tangu zamani wanalima ngolo kwenye miteremko mikali: majani yaliyofyekwa hupangwa miraba, yakafukiwa kwa udongo, yakaoza kuwa mbolea huku mashimo yakizuia maji yasichukue rutuba. Majani ya ua wako yanaweza kwenda huko, baada ya kutoa upupu, minyaa na vipande vya waya. Kwenye mteremko using'oe mizizi yote. Kata, acha mashina yashike udongo.

Pale ulipong'oa nguzo, fukia shimo. Watu hudhani kufyeka majani peke yake kunamaliza malaria. Mbu anayeeneza malaria hupenda kutaga kwenye vidimbwi vidogo vilivyo wazi kwa jua, na shimo la nguzo lililojaa maji ni kidimbwi cha namna hiyo. Makopo na matairi yaliyotupwa kwenye ua nayo yaondolewe, maana humo huzaliana mbu wa homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019.

Sita: ajali ikitokea

Jeraha. Wengi huamini kuwa kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Vijidudu vya pepopunda vinaishi katika udongo na kinyesi cha wanyama, kwa hiyo hata mwiba au jembe jipya linaweza kuviingiza mwilini. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, funika kwa kitambaa kisafi, nenda ukaulize kuhusu chanjo. Usipake kinyesi cha ng'ombe, udongo wala masizi. Kina mama hupata chanjo hii wanapokuwa wajawazito, lakini wanaume wengi mara ya mwisho walichanjwa utotoni. Baba, hilo ni lako.

Sumu ya swila machoni. Baadhi ya swila hutema sumu. Osha macho kwa maji mengi mara moja, usisugue, kisha nenda hospitali.

Kuumwa na nyoka. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo hili katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017. Kwa makadirio yake, kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa kuumwa na nyoka, na wengi wao ni wakulima na watoto wa vijijini. Fanyeni haya:

1. Ondokeni alipo nyoka. Msimkimbize ili kumuua, maana anaweza kumuuma mtu wa pili.

2. Mlazeni mgonjwa, mtulizeni, asitembee. Vueni pete, bangili, saa na viatu kabla ya uvimbe.

3. Fungeni kiungo kwenye ubao au fimbo kama kilichovunjika, ili kisichezecheze. Msikaze kamba ya kuzuia damu.

4. Msichanje, msinyonye, msiweke jiwe jeusi, msimpe pombe wala dawa za mitishamba.

5. Akitapika, mlazeni kwa ubavu wa kushoto.

6. Mpelekeni hospitali mara moja. Kama usafiri ni bodaboda, akae katikati, mtu mwingine amshike kwa nyuma.

Dawa ya kuzuia sumu ya nyoka hutolewa na mganga wa hospitali tu, na si kila zahanati inayo. Kabla ya siku ya kazi, ulizeni ni wapi inapatikana, na wekeni namba ya simu ya kituo hicho. Hospitali za Litembo upande wa milimani na Liuli upande wa ziwa ni za siku nyingi, na zipo hospitali za serikali. Ulizeni mapema, kwani kutoka bondeni hadi barabarani pekee kunaweza kuchukua saa nzima.

Je, kisomo? Ndiyo. Katika Bukhari imo habari ya maswahaba waliomsomea Suratul Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, akapona kwa idhini ya Allah. Lakini Mtume (S.A.W.) huyo huyo alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Allah, na ametuamrisha kujitibu. Msomeeni mgonjwa mkiwa njiani. Kumweka nyumbani mpaka kisomo kiishe, huku sumu inatembea, si tawakkul.

Hitimisho

Ukishasafisha, acha ukanda mweupe wa hatua mbili kati ya ua na nyumba, na upogoe ua mara moja kila mwaka baada ya mvua. Kazi ya mwaka mmoja ni ya nusu siku. Ya miaka kumi ndiyo inayoleta majeruhi. Misikiti na madrasa zetu nazo zina nyua za namna hii, na watoto hupita hapo kila alasiri na majuzuu yao. Msaragambo wa Jumamosi moja unatosha kuanza.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Nani katika familia anaijua mipaka yetu, na je, amewaonyesha vijana?

2. Kituo kipi cha karibu kina dawa ya sumu ya nyoka, na tutafikaje usiku?

3. Baba na vijana wa kiume walichanjwa pepopunda lini?

4. Mahali gani kwenye ua wetu mtoto anaweza kuingiza mkono asikokuona?

Allah (S.W.) atukinge na shari za viumbe vyake na atujaalie tuwe wenye kuondoa maudhi, si wenye kuyaacha. Wabillahi tawfiq.