Somo la Mwezi Huu: Vyuo vya Kazi kwa Kijana Aliyemaliza Skuli, na kwa Mtu Mzima Aliye Kazini



Mwezi huu hatutasema juu ya mbegu wala mbolea. Twataka kusema juu ya kijana aliye nyumbani kwako, ambaye amemaliza Kidato cha Nne, cheti chake kimewekwa sandukuni, naye kila asubuhi aenda kukaa kando ya barabara ya Marereni kutazama magari yaendayo Malindi na Garsen. Tena tutasema juu yako wewe mwenyewe, maana wako wakulima wengi katika skimu zetu ambao wana ujuzi wa kazi mikononi lakini hawana karatasi ya kuuonyesha.

Sababu ya somo hili ni hii. Mzee mmoja alikuja ofisini akaniomba nimwandikie barua ya kuuza ekari mbili za shamba lake. Nilipomwuliza kwa nini, alisema mwanawe amepata nafasi katika chuo mjini, na karo yatakiwa yote kabla ya siku kumi na nne. Nikamwuliza: Chuo hicho kimeandikishwa? Hajui. Mafunzo ni ya muda gani? Hajui. Mwisho wake kijana atapewa cheti cha nani? Cha chuo chenyewe, alidhani. Basi barua ile sikuiandika siku ile. Nilimwambia, "Mzee, keti hapa kwenye benchi," tukaanza kusoma pamoja. Haya ndiyo tuliyosoma.

Chuo cha karibu kabisa na mkulima ni chuo cha ufundi cha kijijini. Vyuo hivi vina historia yake. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa la Kenya lilitoa taarifa iliyouliza watoto wanaomaliza skuli waende wapi, na baada ya hapo vikaanza vyuo vidogo vilivyoitwa politekniki za vijiji. Chini ya Katiba ya mwaka 2010 vyuo hivyo viliwekwa mikononi mwa serikali za kaunti. Huko kijana hufundishwa uashi, useremala, ushonaji, umakanika, umeme na kazi nyingine za namna hiyo. Hata asiyefika sekondari hupokelewa. Faida yake kubwa ni kwamba mara nyingi mwanafunzi aweza kulala nyumbani, na jioni akasaidia kufunga mbuzi.

Juu ya hivyo viko vyuo vya serikali vya ufundi, ambavyo hutoa vyeti vya ngazi mbalimbali. Tazama cheti cha mwanao cha Kidato cha Nne. Aliyepata E huanza ngazi ya fundi wa chini. Aliyepata D aweza kusomea cheti cha ufundi. Aliyepata C- aweza kusomea diploma. Wala msidhani kwamba aliyeanza chini hubaki chini. Akimaliza ngazi moja aweza kupanda ya pili, hata akafika diploma kwa miguu yake mwenyewe. Wazazi wengi hulia juu ya D kana kwamba mtoto amefiwa, na kumbe mlango uko wazi.

Watu wa pwani wana mfano wa chuo kilichokua hivyo. Mjini Mombasa kulikuwa na chuo kilichofunguliwa kwa Waislamu wa Afrika Mashariki, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, nacho kilifundisha kazi za mikono na za vyombo vya baharini. Mwaka 1966 kiligeuzwa kuwa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, mwaka 1972 kikawa Politekniki, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Hata leo chafundisha vyeti na diploma pamoja na digrii. Kwa Kilifi, Chuo Kikuu cha Pwani kilianzishwa mwaka 2007 mahali palipokuwa Taasisi ya Kilimo. Nanyi mnaotaka mafunzo mafupi ya ukulima, kiko Chuo cha Mafunzo ya Kilimo Mtwapa.

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa mimi nilisomea ualimu na sina raha mpaka nione hesabu ubaoni. Katika mpango ulioanza mwaka 2018, karo ya mwaka katika chuo cha ufundi cha serikali ilipangwa kuwa shilingi 56,420. Serikali ikatoa 30,000 kwa kila mwanafunzi. Toa, zabaki 26,420. Gawanya kwa mihula mitatu, ni kama 8,807 kwa muhula. Uko pia mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, lakini mkopo ni deni, hurudishwa. Viwango hubadilika, kwa hiyo waulizeni chuo chenyewe karo ya mwaka huu, na wawaandikie. Chumba na chakula ni juu yako, na pengine vyapita karo.

Hesabu hii haina maana mpaka uilinganishe na shamba. Muhula wa Januari hauna taabu sana: korosho na maembe yamekwisha kuuzwa au yanauzwa. Muhula wa Septemba nao una mahindi ya masika, ikiwa mvua haikututupa. Muhula wa Mei ndio mbaya. Mahindi yangali shambani, ghala ni tupu, na mtu hufungua mfuko akakuta makuti. Watoto wengi huacha chuo mwezi wa Mei, wala si kwa ujinga. Basi pesa ya Mei iwekwe wakati wa korosho, mbali na pesa ya nyumbani, na pesa ya nazi isaidie chakula chake. Ukifanya hivyo hutakuwa na haja ya kuuza ardhi. Tena ardhi ya shamba haiuzwi kwa barua ya karani peke yake: yahitaji idhini ya Bodi ya Usimamizi wa Ardhi, na ya mke pia.

Je, asomee kazi gani? Hapa wazazi na watoto hugombana. Kijana ataka kompyuta kwa sababu rafiki yake asoma kompyuta. Mimi sisemi kompyuta ni mbaya, lakini mwambie kwanza atembee Marereni na Gongoni siku nzima akihesabu vitu vilivyoharibika. Kwenye mashamba ya chumvi maji ya bahari huvutwa kwa pampu mpaka madimbwini, jua likayakausha. Pampu hizo na trekta hazikosi makanika, na chumvi hula chuma mchana na usiku, hata mchomeleaji hamalizi kazi. Kuna pikipiki zisizo na idadi. Kuna nyumba zinazopata umeme na sola. Wavuvi wana majokofu ya samaki, na fundi wa majokofu lazima afuatwe Malindi. Akirudi na orodha yake, ndipo mzungumze.

Sasa jambo la kujikinga. Tangu Sheria ya mwaka 2013, kila chuo cha ufundi, cha serikali au cha mtu binafsi, sharti kiandikishwe na kupewa leseni na mamlaka iitwayo TVETA. Orodha ya vyuo hivyo iko katika intaneti. Kijana yeyote aweza kuitazama kwa simu. Tazama jina lote, herufi kwa herufi, kisha uulize kama na mafunzo yale anayoyataka yamekubaliwa, na mtihani watungwa na nani. Karo lipa benki, weka risiti.

Nasema kwa uchungu kidogo. Nilipokuwa sijapata kazi ya kufundisha, nilijiandikisha kusoma hesabu za ofisi katika chuo kimoja cha ghorofani, jina naliacha. Nililipa ya muhula mzima mkononi mwa mtu. Wiki ya sita tulikuta mlango umefungwa na viti vimechukuliwa. Na mimi nilikuwa mwalimu mwenye cheti! Ndiyo maana simcheki mzee yule.

Nanyi watu wazima, msidhani nimewasahau. Mwashi aliyejenga miaka kumi bila kupita chuoni aweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ambayo ina kituo Mombasa. Gredi ya Tatu ndiyo ya kwanza, kisha ya Pili, kisha ya Kwanza. Hatakiwi kuonyesha cheti cha skuli. Hutakiwa kufanya kazi mbele ya mtahini. Wanawake washonao nguo nao wamo.

Mzee yule tulilitafuta jina la chuo kile katika orodha mara tatu. Halikuwamo. Kijana alinuna kwa wiki mbili, kisha Januari akaanza umakanika katika chuo cha kijijini, na ekari zile mbili zimepandwa mihogo.

Vyuo vingi hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba. Maombi ya vyuo vya serikali hupitia KUCCPS, hata kwa waliomaliza miaka ya nyuma. Mkija ofisini kuomba msaada wa kujaza, mje na cheti cha Kidato cha Nne, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, na nakala mbili za kila kimoja. Mashine yetu ya nakala imeharibika, naye fundi wake yuko Malindi.