Jinsi ya Kubadilisha Nyuzi za Gitaa Mwenyewe

Gitaa la kwaya likififia sauti, na vidole vikatoka vyeusi kila ukimaliza kupiga, ujue nyuzi zimeliwa na jasho na kutu. Ukiwa Mikumi au Kilosa huna haja ya kulipeleka kwa fundi. Plaizi, kitambaa kikavu na saa moja ya utulivu vinatosha.

Kabla ya kununua, tazama nyuzi tatu nyembamba. Zikiwa laini na angavu mithili ya mshipi wa kuvulia, hilo ni gitaa la nailoni. Usilifunge nyuzi za chuma hata kama ndizo rahisi kupatikana: chuma huvuta kwa nguvu zaidi, kitang'oa daraja, yaani kile kibao kinachoshikilia nyuzi tumboni. Na waya wa breki ya baiskeli uwaachie watoto na magitaa yao ya kopo.

Seti moja ina nyuzi 6. Kwa gitaa kavu la chuma, anayeanza aombe namba 10 au 11. Ni nyembamba, haziumizi sana vidole. Ukizikosa Mikumi, agiza Morogoro mjini, kama kilomita 120, au Kariakoo. Mabasi ya Iringa na Mbeya yanapita Mikumi. Bei hutegemea chapa, hivyo uliza maduka mawili matatu, kisha ujumlishe gharama ya kutuma kifurushi.

Badilisha uzi mmoja mmoja. Ulegeze kwanza hadi uning'inie. Ukiukata ungali umekaza unaweza kukuchapa jichoni. Kwenye gitaa la chuma, chomoa kipini cha darajani, tumbukiza kishanga cha uzi mpya, rudisha kipini huku ukiuvuta uzi juu ili kishanga kikwame. Gitaa la nailoni halina vipini: uzi hupitishwa kwenye tundu la daraja na kufungwa fundo, basi lichunguze fundo la zamani kabla ya kulifungua.

Wengi hukosea kichwani mwa gitaa. Pitisha uzi kwenye tundu la ufunguo, uache ulegevu wa sentimita 5 hivi, ndipo uzungushe. Mizunguko ishuke chini, mmoja chini ya mwenzake: miwili au mitatu kwa uzi mnene, minne au mitano kwa mwembamba. Ukiuvuta wote bila kuacha ulegevu, utateleza kila siku.

Sasa linganisha sauti. Kuanzia uzi mnene ni E, A, D, G, B, E, na zipo programu za simu za kukusaidia. Bila simu, bonyeza uzi wa sita (ule mnene kuliko wote) chumba cha tano, yaani nafasi ya tano kati ya vyuma vya shingoni. Sauti hiyo ndiyo ya uzi wa tano ukiwa wazi. Endelea hivyo, ila kupata uzi wa pili, bonyeza wa tatu chumba cha nne.

Nyuzi mpya hulegea siku mbili tatu za mwanzo, kwa hiyo zikaze tena kabla ya ibada. Ncha zilizobaki zikate, na vipande usiviache uani. Vinachoma miguu ya watoto.